Kibuyu cha Alhamisi

Mama alikufa Jumanne asubuhi, mwezi wa tano mwaka wa 1996, akichuma majani chai. Mimi nilikuwa mstari wa chini yake. Ukungu ukishuka huku kwetu huwezi kumwona mwenzako shambani, unamsikia tu. Unasikia majani yakikatika na matone yakidondoka kutoka kwenye nailoni aliyojifunga kiunoni. Kwa mama ulisikia pia mnong'ono. Alichuma akinong'ona, mchana kutwa, na mimi nilikuwa nimeuzoea mnong'ono huo kama mtu anavyozoea mto ulio karibu na nyumba. Sikuwahi kumwuliza ananong'ona nini. Nilidhani ni uzee.

Asubuhi hiyo mnong'ono ulikoma. Nilichuma kidogo nikingoja uendelee. Nikaita, "Mama?" Kimya. Nilipopanda kwake nilimkuta amekaa kati ya mashina, kikapu bado kiko mgongoni kimemwegemeza, majani mawili na kichipukizi chao vikiwa vidoleni mwake. Macho yalikuwa wazi na uso umetulia. Nilimwita tena ingawa nilishajua.

Wanaume walimbeba hadi nyumbani. Wanawake wa jirani, bila kuambiwa na mtu, walirudi kwenye mstari wake wakaumaliza. Walijaza kikapu chake wakakipeleka kwenye kituo cha kununua majani, kwa sababu majani chai hayangoji msiba, yakilala yanaharibika. Waliniambia baadaye kwamba karani alipojua ni kikapu cha nani alivua kofia yake kwanza, mvua ikiwa inanyesha, ndipo akapima.

Mama aliitwa Chepchumba. Hakuwa mtu mkubwa kanisani. Hakuwa kwenye kwaya, hakuwa kiongozi wa akina mama, na alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, mahali wanapokaa wenye watoto wanaolia. Akiombwa kufungua kikao kwa maombi alisema, "Wako wanaojua kuliko mimi," na alimaanisha hivyo. Mimi nami sikuwa nikiomba, ila kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimemzika mtoto wangu huko nilikoolewa, kisha ndoa ikafa, nikarudi nyumbani. Niliendelea kwenda kanisani kila Jumapili na kusimama wakati wa kusimama. Lakini na Mungu tulikuwa hatusemezani.

Kila Alhamisi mama alivaa gumbuti, akatwaa kibuyu cha maziwa, akasema, "Nashuka Kapkatet kununua chumvi." Kule kuna soko, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kuhusu maziwa, tulidhani anawapelekea marafiki zake wa sokoni. Jioni alirudi na pakiti ya chumvi. Baada ya mazishi, dada yangu Celine, aliyeolewa Kiptere, alikuwa akitafuta majani ya kupikia wageni chai, akafungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha mama. Lilikuwa limejaa chumvi. Celine akafungua debe lililokuwa pembeni. Chumvi.

"Chepkirui," akaniita, "mama alitaka kuchumvia ng'ombe wa Bureti yote?"

Tulicheka, halafu tukalia.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu, wageni wakiwa bado wamejaa uani, aliingia mwanamke tusiyemjua. Alikuwa na leso kichwani, matope hadi magotini, na alikumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Aliona mchanga mwekundu wa kaburi karibu na migomba, akasimama pale pale.

"Hapa ni kwa kogo wa maziwa?" aliuliza. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, ila alilitamka neno hilo kwa ulimi wa Kikikuyu.

"Ni hapa," nikamjibu. "Hiyo ndiyo kaburi yake."

Aliketi chini, kwenye majani yaliyolowa, bila kutafuta kiti. Tulimwacha alie. Alipoweza kusema alituambia anaitwa Wanjuhi, anauza nguo za mitumba pale Kapkatet, na hakuwahi kujua jina la mama. Alikuwa ameuliza njia kwa kuonyesha alichobeba. Akafungua shuka.

Kilikuwa kibuyu cha mama. Kibuyu chenyewe, kile cha ndoa, chenye mkanda wa ngozi wenye simbi, alichopewa na nyanya yetu siku alipotoka kwao. Celine na mimi tulikuwa tumekitafuta tangu Jumanne. Celine alikuwa ameshaanza kuwatazama wageni vibaya. Kibuyu kama hicho hakilali nje ya nyumba. Hata ukipeleka maziwa nacho, jioni unarudi nacho.

Mama mdogo Chepchirchir, ambaye ni mdogo wake mama, alikinyakua, akang'oa kifuniko, akanusa. Kisha akatumbukiza kidole ndani na kukitazama. Kidole kilitoka cheupe.

"Makaa iko wapi?" akauliza. "Wewe mama, umefanyia kibuyu nini?"

"Nilikiosha," Wanjuhi akasema. "Singeweza kurudisha kitu ya mwenyewe ikiwa chafu. Ndani ilikuwa nyeusi sana. Nilitia maji moto, sabuni ya unga na mchanga, nikasukasuka mpaka weusi yote ikatoka."

Kwetu, hakuna anayetia sabuni ndani ya kibuyu. Weusi ule ni makaa ya mti wa senetwet. Kila mara kabla ya kutia maziwa mwanamke huchoma kijiti chake na kukisugua ndani, na miaka ikipita kibuyu hukolea moshi. Moshi huo ndio unaofanya mursik, maziwa yetu ya mgando, yawe na rangi ya kijivu na ladha yake. Weusi wa kibuyu kile ulianza kabla sisi hatujazaliwa.

"Miaka arobaini ya moshi!" mama mdogo akapiga kelele. "Uuui, mama huyu ameosha dada yangu na sabuni ya unga!"

Mtu mmoja alianza kucheka kwa chini chini, na kicheko kikazunguka ua mzima, hata mama mdogo mwenyewe akaficha mdomo kwa shuka. Wanjuhi pekee hakucheka. Alitutazama mmoja mmoja. "Nilitaka iwe safi," alisema tena, polepole. Nikamshika mkono, nikamkalisha jikoni, nikampa chai.

Hapo ndipo tuliposikia kuhusu zile Alhamisi. Binti yake Wanjuhi, Tabby, msichana wa shule ya upili, alianguka kutoka kwenye lori la mizigo mnamo Februari akavunjika paja. Alilazwa hospitali ya Kapkatet, mguu umefungwa kamba yenye uzito mwisho wa kitanda, na alitakiwa kulala chali hivyo hivyo hadi mfupa ushikane. Msichana alikata tamaa. Akaacha kula. Siku moja ya Alhamisi aliingia wodini mwanamke mzee mwenye gumbuti na kibuyu, akapita kitanda kwa kitanda akimimina maziwa kwenye kikombe. Hakuhubiri. Aliuliza majina, akakaa kidogo, akaenda. Tabby alikunywa. Tangu hapo alikuwa anakula wiki nzima kwa sababu Alhamisi ilikuwa inakuja. Alhamisi ya mwisho, Tabby alikuwa na homa na hakutaka mzee aondoke, kwa hiyo mama akamwachia kibuyu. "Kaa nacho," alimwambia. "Hiki hakiachwi. Kwa hivyo ujue nitakirudia."

"Alhamisi iliyopita hakurudi," Wanjuhi alisema. "Tabby akakataa chakula. Mpaka leo. Daktari amesema asipokula, hiyo mfupa haitashika, na yeye mwenyewe... Nimekuja kumwita kogo. Sasa nitamwambia nini?"

Mlangoni alikuwa amesimama mzee Johana, mzee wetu wa kanisa, mtu mwema anayependa mambo yaonekane. Alikuwa amesikia yote na machozi yalimlengalenga.

"Ndugu zangu," akasema, "hii taa haiwezi kufichwa. Alhamisi tunaenda kanisa lote! Nitaongea na kwaya. Tushone bendera: Huduma ya Marehemu Mama Chepchumba. Na tubebe kipaza sauti."

"Kipaza sauti kwa wagonjwa, mzee?" mama mdogo akauliza. "Ndio wapone haraka watoroke kelele?"

"Lakini watu wajue alichofanya!"

"Yeye alificha na chumvi," mama mdogo akamjibu. "Wewe unataka kufichua na bendera."

Ndipo nikaelewa lile sanduku. Mama hakutaka tujue anakoenda, na hakutaka kutudanganya. Akisema anaenda kununua chumvi, ilimbidi anunue chumvi. Nilienda nikalifungua tena lile sanduku peke yangu nikazitazama zile pakiti, zimepangwa safu kwa safu hadi juu, Alhamisi juu ya Alhamisi.

Niliporudi jikoni nikasikia mtu anasema, "Nitaenda mimi." Alikuwa ni mimi. Nilijua nitaweza kubeba maziwa. Hayo mengine, ya kukaa karibu na mgonjwa na kusema maneno kwa Mungu, sikujua ningeyatoa wapi.

Jioni hiyo hiyo, mama mdogo alinikalisha karibu na moto na kibuyu cheupe. Alinifundisha yale ambayo mama alikuwa akiyafanya mbele yangu kila siku bila mimi kutazama. Kukausha kibuyu kwanza. Kuchoma kijiti cha senetwet hadi kiwe kaa jekundu, kukitia ndani na kuzungusha, kusugua, kusubiri, kurudia. Moshi uliniingia machoni. Nilitaka kutia maziwa mapema, akanipiga kofi mkononi.

"Tulia. Bado kinanuka sabuni."

"Mama mdogo, si kimeharibika kabisa?"

"Kibuyu haiharibiki kwa kuwa tupu," alisema. "Inaharibika maziwa ikikaa ndani bila kunywewa. Hapo inaoza, unatupa. Hii imerudi tu mwanzo, kama siku dada alipoolewa." Alikinusa, akanipa nami ninuse. "Choma tena."

Tulitia maziwa asubuhi iliyofuata, yaliyochemshwa na kupoa, tukafunga. Alhamisi nilivaa gumbuti za mama, zilizonibana kidogo vidoleni, nikatwaa kibuyu na kikombe, nikashuka. Kibuyu kizito chenye mkanda wa simbi hugonga mbavu unapotembea. Njiani watu walikisalimu kabla ya kunisalimu mimi. Fundi wa baiskeli alisimama akaondoa kofia. Mwanamke aliyeuza ndizi alitazama simbi, akanitazama usoni, akaweka kiganja kifuani. Nilikuwa nimeishi na mama nyumba moja, na watu hawa nisiowajua walikuwa wakimwombolezea.

Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu, yenye madirisha upande mmoja na harufu ya dawa ya sakafu. Nilisimama mlangoni. Mtu akasema, "Kibuyu kimerudi," na vichwa vikainuka, kitanda baada ya kitanda, hadi mwisho wa chumba. Kisha wakaona ni nani aliyekibeba.

Mwanamke mzee aliyelazwa kwa ugonjwa wa kifua, jina lake Chepngeno, aliniuliza kwa lugha yetu kama mwenye kibuyu amekufa. Nikatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyetafsiri, lakini wote walielewa. Kwenye kitanda cha mwisho kabisa, kilichogusa ukuta, alilala msichana mwembamba mwenye mguu ulioinuliwa kwa kamba. Wanjuhi alikuwa amekaa miguuni pake. Tabby aliugeuza uso wake ukutani.

Nilienda kwake nikamimina kikombe. Yale maziwa yalitoka ya kijivu kidogo tu, si kama ya mama.

"Kunywa, Tabby."

"Sitaki."

Nilijaribu kukumbuka yale aliyosema Wanjuhi. "Jina lako ni nani?" nikauliza, kama mjinga, kwa kuwa nilikuwa nimeshalitaja.

"Si hivyo," Tabby akasema kwa ukuta. "Hata hujui. Kogo haulizi jina yako. Anauliza jina ya jirani."

Nikabaki nimeshika kikombe. Nilijua wananisubiri, na sikuwa na kitu cha kuwapa. Ndipo mama mmoja kijana aliyekuwa kitanda cha karibu na mlango, mkono umefungwa bandeji kwa sababu ya moto, akazungumza.

"Mimi ni Nelvine. Jirani yangu anaitwa Mama Kebaso. Atapasuliwa wiki ijayo na anaogopa, lakini anasema haogopi. Ameacha mtoto kwa dada yake huko Chepilat. Mtaje huyo."

"Nani amesema naogopa?" Mama Kebaso akasema. Alikuwa Mkisii mnene mwenye sauti nzuri. Akavuta shuka. "Haya. Jirani yangu ni huyu kogo, Chepngeno. Anachukia uji ya hapa, na mwana wake hajakuja kumwona." Kisha akanitazama. "Mwanzo nilikataa kutaja jina yake. Miaka ile ya vita ya makabila, watu wa kwao walichoma nyumba yetu, nikatoroka na nguo nimevaa. Nikamwambia mama yako, huyo siwezi. Akasema, sawa, usimwombee. Taja tu jina, mengine mwachie Mungu. Nikataja. Nikataja tena. Saa hii nikiamka usiku nasikiliza kama anapumua."

"Na mimi nilikataa yake," Chepngeno akasema kutoka kwenye mto wake. "Ng'ombe zangu zilienda upande wao."

"Nikipona nitakutafutia, kogo."

"Ulete na ndama zao!"

Kicheko kilipita wodini, pamoja na kikohozi. Kisha Chepngeno akanyoosha kidole kilichokunjamana kuelekea kitanda cha mwisho. "Jirani yangu ni yule. Tabby. Nikikoroma ananirushia leso. Wiki hii hajarusha. Nimekoroma bure."

Vitanda vya upande wa pili viliendelea, kila mmoja akimtaja aliye kando yake: huyu ana mapacha, huyu hapati usingizi, huyu anamngoja mume ambaye hatakuja na anajua hatakuja. Niliyatambua majina. Nelvine, Kebaso, Chepngeno, Tabby. Nilikuwa nimeyasikia kwenye ukungu, mstari wa juu yangu, katikati ya majani yanayokatika, wiki baada ya wiki. Huo ndio uliokuwa mnong'ono. Nikashika chuma cha kitanda.

Jina la mwisho lilipokwisha kutajwa, Tabby alikuwa bado ametazama ukuta.

"Kitanda changu ndiyo ya mwisho," alisema. "Huku kuna ukuta tu. Nilimwambia kogo mimi sina jirani. Akasema, 'Unaye. Niko na msichana wangu nyumbani, anaitwa Chepkirui. Alizika mtoto wake na tangu siku hiyo haongei na Mungu, na mimi simlaumu. Wewe utakuwa unaongea kwa niaba yake mpaka apate sauti.'" Akageuka. Macho yake yalikuwa makubwa kwenye uso uliokonda. "Ni wewe?"

Wanjuhi alilia bila sauti.

"Kila siku nimekutaja," Tabby akasema. "Hata hii wiki yenye sikukula. Kogo alikataa tumwombee yeye. Alisema ameshiba, twende mbele. Nilijua unaitwa nani, unalala upande gani wa nyumba, na hupendi chumvi mingi."

Nilikuwa nimeketi kwenye ukingo wa kitanda chake, sikumbuki niliketi lini. Msichana asiyenijua, wa kabila lingine, aliyefungwa mguu kwa kamba, alikuwa amenibeba mbele za Mungu tangu Februari. Mimi nilikuwa nikichuma majani chai kwa hasira na kudhani kimya kilichokuwa kati yangu na Mungu ni kimya kweli. Mwanga wa dirishani uliingia kwenye kikombe. Niliogopa hata kusogea. Sikuwa nimewahi kuwa mahali patakatifu hivyo, na palinuka dawa ya sakafu.

"Na wewe," Tabby akaniuliza, "jirani yako ni nani?"

Ilichukua muda sauti kunitoka. "Tabby," nikasema. Kisha nikafumba macho nikalisema tena, na safari hii sikuwa nikimwambia yeye.

Nilipofumbua macho alikuwa amenyoosha mkono akachukua kikombe. Alionja. Akakunja uso.

"Hii yako haina moshi ya kutosha."

"Mama yako aliosha kibuyu na sabuni," nikamwambia.

"Mum!"

Alikunywa yote, akaomba mengine.

Tabby alitoka hospitalini mwezi wa nane kwa magongo. Mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo. Siku za soko yeye humsaidia mamake kuuza mitumba, na ukichagua blauzi vibaya anakwambia. Mama Kebaso alipasuliwa akapona, akarudi Chepilat. Chepngeno alifariki mwezi wa tisa. Mama Kebaso alikuja mazishini na kukaa na familia. Mzee Johana alifuatana nami Alhamisi moja bila kipaza sauti. Mgonjwa mmoja alimwuliza jina la jirani yake, naye akakohoa, kwa sababu yeye na jirani yake wana kesi ya mpaka. Bendera haikushonwa.

Jumatatu nachoma senetwet na kutia maziwa. Alhamisi nashuka Kapkatet, na jioni narudi na kibuyu kitupu na pakiti ya chumvi. Nakiosha kwa maji baridi, bila sabuni, nakining'iniza mlangoni kikauke.